Wasifu wa Dympna Gilhooly, Aliyesimama Nje ya Mlango wa Baraza

Padri Kilian, ndugu, majirani, na nyinyi wengine mliosimama karibu na geti ili muwahi kuondoka: asanteni kwa kuja. Mimi ni Concepta, mdogo wake marehemu, na familia imenipa kazi ya kusoma maisha yake. Sehemu kubwa ya maneno haya imo pia kwenye kitabu cha ibada mlichoshika, kwa hiyo asiyenisikia kwa upepo huu wa makaburini asome mwenyewe. Nitajitahidi kusoma kwa heshima. Mkisikia sauti imepanda, mjue si kwa huzuni peke yake.

Marehemu Dympna Mary Gilhooly alizaliwa tarehe 3 Februari 1951 nyumbani kwetu Lisnagreeve, nje kidogo ya mji wa Carrowmoyle, akiwa mtoto wa kwanza wa hayati Bartley na hayati Nora Heneghan. Theluji ilikuwa imefunga barabara na mkunga aliletwa kwa trekta la jirani. Mama alitusimulia kwamba mtoto alitoka na sauti kubwa mno, mkunga akacheka akasema, "Nora, huyu atakuwa padri au dalali wa ng'ombe." Hakuwa yeyote kati ya hao, ila sauti ilibaki naye.

Alisoma Shule ya Msingi ya Lisnagreeve kuanzia mwaka 1955, kisha akaenda kwa masista wa Carrowmoyle, alikomaliza masomo Juni 1968. Sista mkuu alimwambia mama kwamba binti ana akili nzuri, tatizo lake ni moja tu: akiambiwa jambo anauliza limesemwa na nani. Mama aliahidi kulishughulikia. Tunaomba radhi kwa niaba yake, maana hakufanikiwa.

Mwaka 1969 marehemu aliajiriwa kuunganisha simu katika posta ya Carrowmoyle, akafanya kazi hiyo hadi mitambo ya kisasa ilipoingia mwaka 1986. Alikula kiapo cha kutunza siri za simu za watu, na hakutoa hata moja, pamoja na kwamba sisi wa nyumbani tulimbembeleza kwa kila namna. Ila kila Alhamisi gazeti letu la Sentinel lilipofika, alikuwa anafungua ukurasa wa siasa, anasoma kidogo, halafu anasema, "Haya nimeshayasikia Jumanne." Kisha analikunja gazeti. Kuanzia 1987 hadi kustaafu kwake mwaka 2013 alikuwa mapokezi katika zahanati ya mji, na wengi wenu hapa amewahi kuwaambia mkae mtulie, daktari anakuja.

Tarehe 15 Juni 1974 alifunga ndoa na Matthew Gilhooly, dereva wa lori la maziwa, huyu Mattie mnayemwona hapa mbele ameshika kofia. Walifahamiana siku alipompa lifti kutoka dansini, Dympna na viatu vyake vyeupe katikati ya madebe ya maziwa. Mattie anasema hakufungua mdomo njia nzima kwa woga, na Dympna alidhani amepata mwanamume msikivu. Mungu aliwajalia watoto wawili, Enda na Gráinne. Harusi yao iliandikwa katika Sentinel. Habari yenyewe ilikuwa mistari minne, na mitatu ilimhusu diwani mmoja aliyepita ukumbini kunywa chai. Bi harusi alitajwa kama "binti wa eneo hilo". Marehemu alicheka sana wakati ule, na mimi pia nilicheka. Tulikuwa vijana, tukadhani ni uzembe.

Haukuwa uzembe. Ndiyo kazi yao.

Mwezi Aprili 2009 Baraza la Kaunti lilitangaza kwamba maji ya bomba ya Carrowmoyle yachemshwe kabla ya kunywa, "kwa muda mfupi". Humo kwenye bomba mlikuwa na kijidudu ambacho dawa ya kawaida ya maji haikiui. Mjukuu wake, Muireann, akiwa na miaka minne, alilazwa hospitali ya Galway akiharisha na kutapika hadi macho yakaingia ndani. Marehemu alitoka wodini, hakwenda nyumbani, akapita moja kwa moja kwa rafiki yake Breege Noone, na jioni ile ile wakaanzisha kamati. Ule muda mfupi wa Baraza ulichukua miaka minane. Watoto wa mji huu walijifunza kupiga mswaki kwa maji ya birika kabla ya kujifunza kusoma.

Kila Jumatatu ya mwisho wa mwezi, Baraza lilipokutana, marehemu na wenzake wanane waliweka meza nje ya mlango. Waliwasha jiko la gesi, wakachemsha maji ya bomba, wakamkaribisha chai kila diwani aliyepita. Madiwani walikuwa na haraka. Ultan Feely, ambaye leo ni mhariri wa Sentinel na wakati ule alikuwa mwandishi wake wa siasa, alipita pale kila mwezi akiwa na kalamu sikioni. Nilikuwepo siku marehemu alipomsimamisha.

"Ultan, mwanangu, leo kaa hapa nje. Habari ni hii."

"Mama Gilhooly, habari iko ndani. Ndani ndiko wanakoamua."

"Mwezi uliopita waliamua nini?"

"Waliahirisha."

"Na mwezi ule mwingine?"

"Nao waliahirisha. Lakini kikao kilikuwa moto, we acha tu!"

Alhamisi gazeti lilikuja na nusu ukurasa kuhusu kikao hicho cha moto. Nani kamrushia nani dongo, nani anautaka uenyekiti, nani na nani hawasalimiani tena ndani ya Chama, kile kinachoshika Baraza. Maji yetu yalitajwa pale mwishoni kama jambo lililomkera Diwani Jarlath Tarpey. Nilisoma nikashikwa na kichefuchefu, na siku hiyo nilikuwa nimekunywa maji yaliyochemshwa.

Sisemi kwamba walihongwa. Ingekuwa hongo ningewaelewa, maana hongo ina mwisho. Hawa walisoma darasa moja, wanakaa baa moja, wanabatiziana watoto. Mtu wa Chama akikohoa, Sentinel inajua ana homa ya aina gani na amegombana na nani mpaka akaipata. Sisi wengine tungeweza kuanguka pale mezani tukafa, wangeturuka kwa uangalifu wasichelewe kikao. Aliye ndani ana namba ya simu ya mhariri. Aliye nje ana meza na birika.

Tarehe 27 Januari 2014 mji mzima uliandamana. Maduka yalifungwa, wakulima wakaacha ng'ombe, shule ikatoa watoto, na kila mtu alibeba chupa ya maji ya bomba lake, mengine ya rangi ya chai. Mvua ya barafu ilikuwa inatuchapa usoni. Marehemu ndiye aliyeyaandaa yote yale pamoja na wenzake, nyumba kwa nyumba, tangu Krismasi. Tulipofika mlangoni, Diwani Tarpey akatoka kwenye ngazi, na mpiga picha wa gazeti akamwita asogee mbele ya watu. Mvua ikaanza kumharibia nywele. Akageuka, akamwona mama mmoja mwenye mwavuli.

"Mama, hebu nikinge kidogo."

Dada yetu alilelewa vizuri. Akamkinga.

Alhamisi ukurasa wa mbele ulisema: TARPEY AONGOZA HASIRA ZA WANANCHI. Picha ilimwonyesha diwani peke yake, ametazama mbali, mkavu. Juu ya kichwa chake kulikuwa na mwavuli, na mwavuli umeshikwa na mkono uliotokea pembeni mwa picha, wenye pete ya ndoa na plasta kwenye kidole gumba, pale alipoungua na birika. Zaidi ya huo mkono, marehemu alikuwa amekatwa. Muireann ndiye aliyeutambua: "Babu, huyu ni bibi!" Mattie aliikata picha ile, akaitia fremu, akaitundika jikoni, na kila mgeni aliyeingia alimwambia, "Mkono wa mke wangu umefika ukurasa wa mbele. Mwili unafuata." Dympna alikuwa anacheka mpaka anakaa chini. Mimi hadi leo siwezi kuitazama.

Mwaka 2015 fedha za mtambo mpya zilipitishwa. Kama ilivyo kawaida ya nchi hii, wizara ilimnong'oneza mtu wa Chama kabla ya kutuambia sisi tunaokunywa, naye akawahi kulipigia gazeti simu. TARPEY ALETA MAJI, likaandika gazeti. Majirani walianza kumpongeza barabarani. Mwaka uliofuata mkamchagua kuwa mbunge, na sitamtaja mtu kwa jina, ila nawaona.

Mtambo ulifunguliwa Ijumaa, tarehe 6 Oktoba 2017. Wajumbe wa kamati hawakualikwa. Walisimama nje ya uzio wakiwa wamevaa nguo za kanisani, na mpiga picha alimwendea marehemu akamwambia kwa upole kabisa, "We mama, sogea kidogo kulia, unaonekana kwenye picha." Utepe ukakatwa, hotuba zikasomwa, na meza ya wageni ikapambwa kwa vitambaa vyeupe na chupa za maji. Rosângela Prado wa kiwanda cha nyama, aliyetoka Brazili na akajifunza lugha yetu pale pale kwenye meza ya birika, ndiye aliyeona kwanza.

"Dympna! Dympna, tazama! Wanakunywa ya dukani!"

Ni kweli. Walikuwa wanafungua mtambo wa maji huku wanakunywa maji ya kununua. Nje ya uzio watu tisa walicheka hadi wakashikana mabega. Jambo hilo Sentinel haikuliandika, ingawa mwandishi wake naye alikuwa na chupa mkononi.

Afya ya marehemu ilianza kudhoofika Septemba 2023, akagundulika kuwa na saratani ya kongosho. Aliugua kwa uvumilivu, isipokuwa kwa chakula cha hospitali. Mwezi Novemba, habari zilipoenea kwamba hali yake si nzuri, Bwana Feely alikuja nyumbani na keki. Mimi nilikuwa namwaga chai, kwa hiyo ninayoyasoma nimeyasikia kwa masikio yangu.

"Mama Gilhooly, Sentinel imekuchagua Mtu wa Mwaka wa Carrowmoyle. Tunataka kukuheshimu ukiwa hai. Ukurasa mzima!"

"Ukurasa mzima? Maskini, basi kweli nakufa."

"Usiseme hivyo, mama. Na Mheshimiwa Tarpey amekubali kukukabidhi tuzo yeye mwenyewe."

"Mwambie anikabidhi kwanza mwavuli wangu."

Mattie aliondoka jikoni kwa kicheko. Kisha marehemu akawa si mtu wa mzaha tena. Alimwambia mhariri atakubali kila kitu, tuzo, picha, hata Tarpey kando yake, kwa sharti moja: majina ya wenzake wanane yachapwe, yote, na kila mmoja alichofanya. Alikuwa ameanza kuyataja kwa vidole.

"Mama, nafasi itatubana. Na kusema kweli wasomaji hawawajui hao."

"Watawajuaje, Ultan, na hujawahi kuwaandika?"

"Gazeti linaandika wanaojulikana. Ndivyo ilivyo, si mimi niliyeanzisha."

"Basi chukua keki yako."

Akaichukua. Niliona kwa macho yangu mhariri wa gazeti akitoka nyumbani kwa mgonjwa amekumbatia keki. Mtu wa Mwaka akawa katibu wa tawi la Chama.

Usiku huo alinishika mkono. Hakuwa na uchungu kwa ajili yake mwenyewe, na hili naomba mlielewe, kwa sababu ndilo lililomsumbua hadi mwisho. "Concepta," aliniambia, "nikifa watanipenda. Watanitaja mimi na Tarpey, halafu basi. Usiwaache waniandike peke yangu. Wakifanya hivyo, watakuwa wamewazika wale wengine wakiwa hai." Nilimwahidi. Sikujua nitafanyaje.

Marehemu alifariki dunia nyumbani kwake, Jumamosi, tarehe 9 Machi 2024, akiwa na umri wa miaka sabini na tatu, Mattie ameshika mkono ule ule wa kwenye picha na Gráinne akiwa amemaliza tu kumnywesha maji. Ya bomba.

Tulikuwa bado tunampigia Enda kule Australia wakati mtandao wa Sentinel ulipotangaza: TARPEY AMLILIA MSHIRIKA WAKE WA VITA VYA MAJI. Kwa hiyo mheshimiwa alifiwa kabla ya mtoto wa marehemu. Jana alifika nyumbani kutoa pole, akapita kwenye mstari akimshika kila mtu mkono. Alipofika kwa Breege Noone, akainamisha kichwa kwa huruma.

"Pole sana, mama. Na wewe marehemu alikuwa nani wako?"

"Tulikuwa naye mlangoni kwako miaka minane," akasema Breege.

"Oo, majirani! Jirani mwema ni kitu kikubwa."

Akaendelea na mkono unaofuata. Breege alibaki amesimama, mkono wake bado uko hewani, na sijawahi kuona mtu aliyezoea dharau akishangaa hivyo. Baadaye msaidizi wa mheshimiwa aliniuliza kama bosi wake anaweza kusema machache hapa kaburini. Nilimjibu kwamba marehemu alishayasikia ya kutosha. Mheshimiwa, nakuona hapo, karibu. Sandwichi zipo hotelini kwa wote.

Bwana Feely naye alinipigia simu jana hiyo hiyo. Alitaka wasifu huu ili, kwa maneno yake, aufupishe kidogo aweke na picha ya mbunge. Nilikataa. Ndipo akaniambia, kwa wema kabisa, kwamba basi nisisahau kupeleka tangazo la kifo mapema. "Hilo hatuligusi hata nukta," alisema. "Linachapwa kama familia ilivyolileta, waliotangulia na walioachwa, mpaka jina la mwisho. Ndiyo heshima ya Sentinel tangu enzi za babu yangu. Hakuna mhariri wa Carrowmoyle aliyewahi kukata tangazo la kifo, na mimi sitakuwa wa kwanza." Nilimshukuru sana. Nadhani alishangaa jinsi nilivyomshukuru.

Mattie alikaa nami mezani, tukaandika. Hivi ndivyo lilivyo.

Marehemu ametanguliwa na wazazi wake, Bartley na Nora Heneghan, na Packie Durr wa Lisnagreeve, aliyebeba meza na mtungi wa gesi kwa toroli lake kila mwezi, mvua au jua, na akafa mwaka 2018 bila gazeti kujua kwamba aliwahi kuishi.

Ameacha mume, Matthew. Watoto, Enda na Gráinne. Wajukuu, Muireann, Cathal na Fiadh. Na mdogo wake, Concepta. Ameacha pia Breege Noone, aliyeanzisha naye kamati jikoni kwake. Goretti Lavin, aliyepita kila nyumba ya mji huu akiwa na mimba ya miezi minane, na nyumba nyingi hazikumfungulia. Assumpta Regan, aliyewapikia waandamanaji supu. Tess Conboy, aliyekwenda Dublin kwa basi na chupa mapajani, akakaa mapokezi ya wizara hadi mtu akashuka. Ita Shryane na Majella Finneran, waliopaka mabango yote na wakakosana kwa sababu ya rangi na hawajapatana bado, nawaomba leo wapatane. Na Rosângela Prado, aliyekuja mezani kila Jumatatu akitoka zamu, ambaye watoto wake walikunywa maji yale yale kama watoto wetu.

Binti wa matangazo alinitumia nakala ya ukurasa asubuhi hii, kabla ya misa. Ni ukurasa wa vifo, ukurasa pekee wa gazeti lile ambao mtu wa Chama hawezi kuupata kwa simu. Nimeusoma jina kwa jina, na hakuna lililoguswa. Alhamisi utafika kila nyumba, na watu hawa wataufungua wakiwa wamekaa jikoni kwao, hai.

Pumzika sasa kwa amani, Dympna. Wameandikwa wote.